Kamera Iliposema Nimepona

Kama unasoma hii ukiwa kwenye benchi la kliniki, vidole vyako viko mapajani na huna uhakika kama ni vyako, basi nakuandikia wewe. Mimi si mtu wa kuongea. Darasani nikiulizwa swali ninalolijua, bado natazama chini mpaka mwalimu aende kwa mwingine. Lakini kuandika naweza, na siku hizi mkono wangu unakubali kurasa mbili kabla haujaanza kutetemeka. Mengi ya haya nimeyatoa kwenye daftari langu. Yale ya aibu nilitaka kuyaruka, halafu nikaona huenda ndiyo utakayoyahitaji.

Naitwa Ndinda. Niko kidato cha tatu, shule ya kutwa, upande wa Matinyani. Mwaka jana mimi na Kioko, ambaye tumesoma pamoja tangu darasa la nne, tulianza kutengeneza programu ya kuendesha slaidi bila kugusa kompyuta. Unasimama mbele ya kamera, unafungua kiganja, slaidi inaenda mbele. Pia inasikia. Ukisema "mbele" inaenda, ukisema "rudi" inarudi. Sehemu ya sauti ilikuwa ya Kioko, kwa sababu Kioko anaweza kuongea na ng'ombe mpaka ng'ombe achoke. Sehemu ya mkono ilikuwa yangu. Mwalimu wetu wa kompyuta alidhani niliichagua kwa akili. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta njia ya kusimama mbele ya watu bila kufungua mdomo.

Tuliifundisha kwa picha. Nilipiga picha za mkono wangu uliofunguka, juani, kivulini, ukiwa na vumbi la chaki, ukiwa na pete ya plastiki, zikajaa kwenye folda tuliyoiita "wazi". Zile za mkono uliofungwa zikaenda kwenye folda nyingine. Mwishoni kompyuta ikaujua mkono wangu kuliko mama yangu anavyoujua. Nikifungua kiganja, kisanduku cha kijani kinauzunguka pale kwenye kioo cha kompyuta. Nisipofungua, inaandika: HAKUNA MKONO.

Ugonjwa ulikuja wakati wa kuvuna ndengu, mwezi wa kwanza. Nilikuwa nimeharisha siku chache, ikapita, nikasahau. Halafu nyayo zikaanza kuwashwa kama natembea juu ya siafu. Siku iliyofuata ni vidole vya mikono. Shambani nilikuwa nalishika ganda la ndengu, linaanguka. Nashika, linaanguka.

"Wewe leo umeamua kazi isikuchoshe," mama akasema. Mama tunamwita Mwaitu, kama wengi huku. Alikuwa ameinama, hakunitazama. Jioni kikombe cha chai kikanitoka mkononi kikavunjika, na hapo akanitazama.

Asubuhi sikuweza kusimama kutoka chooni. Niliita kwa sauti ndogo, nikiona aibu, mpaka Susu, yaani nyanya yangu, akanisikia. Walinibeba yeye na Mwaitu, tukaenda hospitali.

Mambo ya daktari sitayaeleza, kwa sababu hata nilipoelezwa nilisikia nusu. Walisema kinga ya mwili wangu imekosea, inapiga neva zangu mwenyewe. Nilichoelewa ni kimoja: ilikuwa inapanda. Kutoka miguuni ilikuwa inapanda, na hakuna aliyejua itasimama wapi. Kila saa chache muuguzi alikuja akaniambia nivute pumzi na nihesabu kwa sauti bila kupumua tena. Siku ya kwanza nilifika ishirini na mbili. Siku ya pili kumi na saba. Siku ya tatu kumi na moja. Muuguzi alikuwa anaandika tu, uso wake hausemi kitu, nami nilikuwa naogopa kuhesabu. Mtu mwenye haya kama mimi, kuambiwa ahesabu kwa sauti wodi nzima ikisikia, na safari hii nikawa naomba Mungu niweze kuongea zaidi.

Dripu ilikuwa ya siku tano. Dawa ilibidi ingojewe kutoka Nairobi. Baba, ambaye anafanya kazi kwenye mashamba ya umwagiliaji Kibwezi, alikuja na buti zake za matope, akasimama mlangoni kama amekosea nyumba. Siku ya nne ya dripu nilihesabu hadi kumi na moja tena. Haikushuka. Mwaitu alikaa chini, hapo sakafuni.

Kuna mambo madogo ya wodini ambayo hutaambiwa. Pua itakuwasha na huwezi kuikuna. Siku zangu za mwezi zilikuja nikiwa nimelala kama gogo, na ni Mwaitu aliyenibadilisha, akiimba wimbo wa kanisani ili tusiongee. Nywele zangu zilikatwa kwa sababu zilikuwa zinajikunja nyuma na kuniumiza. Upande mmoja wa uso ulikataa kucheka. Na kulikuwa na mama mmoja wa kupiga deki ambaye siku moja aliinuka na deki lake, akanitazama, akanikuna pua bila kuombwa. Akarudi kazini. Jina lake silijui.

Nyumbani nilirudi mvua zikikaribia, mwezi wa tatu. Miguu ilikuwa imeanza kurudi. Natembea nikishika ukuta kama mtoto. Mikono ndiyo iliyochelewa. Vidole vilikuwa vimejikunja kuelekea kiganjani, na nikiviambia vifunguke, vinasogea kidogo kisha vinaacha. Kila Jumanne tulitakiwa kliniki, Kitui mjini, kwa daktari wa mazoezi.

Hapo ndipo ugomvi wa nyumbani ulipoanza. Akina mama wa maombi walikuja kuniombea, na mmoja akauliza, "Huyu si ndiye alikuwa anapungia mashini mkono? Unapungia kitu kisicho na roho, unajua kinachukua nini?" Mwaitu aliwamiminia chai. Lakini baada ya wao kwenda, aliniuliza polepole, "Ndinda, ile kazi ya kompyuta, mliitoa wapi?"

Baba akasema kwenye simu, na simu ilikuwa na sauti kubwa, "Mama Ndinda, neva haziibiwi na kompyuta. Mpeleke mtoto kliniki."

"Nampeleka. Kuuliza pia ni dhambi?"

Sikupenda kuwa sababu ya sauti zile.

Kioko aliruhusiwa na mwalimu kuja na kompyuta ya shule kila Jumamosi. Maonyesho ya sayansi yalikuwa mwezi wa sita, katika mji wa Wote, na kikundi ni lazima kionyeshe kazi yake. Mwaitu alikubali kwa sharti moja: Susu akae hapo hapo sebuleni, mlango wazi. Kwa hivyo Susu alikaa karibu yangu na ungo wake wa ndengu, anachambua, anatulinda.

"Umekonda kama antena," Kioko alisema siku ya kwanza. "Sasa hata redio itashika vizuri hapa kwenu."

Nilicheka na upande mmoja. Akaweka kompyuta mezani, akaniinulia mkono kwa kuushika kiwikoni. Nikajaribu kufungua kiganja. Nikasukuma kwa nguvu zote mpaka shingo ikauma.

HAKUNA MKONO.

Tulijaribu mara nyingi. Aliongeza mwangaza, akasogeza kamera, akapiga picha kadhaa za mkono wangu, akasema labda ni kamera imechoka. Nikaanza kulia. Kioko hajui mtu akilia afanye nini. Alikunja kompyuta akaenda hata chai hakunywa.

Jumamosi ya pili, kisanduku cha kijani kikatokea. Kilitetemeka, lakini kikatokea, na slaidi ikaenda mbele. Nikajaribu tena. Ikaenda. Nilipiga kelele mpaka Mwaitu akaja mbio kutoka jikoni na mwiko.

"Imeniona! Mwaitu, imeniona!"

Jumamosi ya tatu kisanduku hakikutetemeka hata kidogo. Mkono wangu mimi niliuona uko vile vile, lakini nikajiambia macho yangu ndiyo mabovu. Mashini haina sababu ya kunipendeza. Niliandika kwenye daftari: "Kompyuta inasema mkono umefunguka. Naendelea vizuri." Na nilipomwambia Mwaitu kwamba naona kliniki si lazima tena, mvua ilikuwa imeshika, kila mtu yuko shambani anapanda, na siku nzima ya Jumanne ilikuwa inapotea kule Kitui. Akanitazama, akatazama mbegu zilizokuwa kwenye beseni.

"Una uhakika?"

"Kompyuta haidanganyi."

Tulikosa Jumanne tatu. Na mazoezi ya nyumbani nilikuwa nafanya nusu, nikijua tayari nimepita mtihani.

Susu hakuacha kunihesabia mazoezi. Yeye anahesabu kwa vidole vile wazee wa Ukambani wanavyohesabu. Moja ni kidole cha shahada. Lakini akifika tano hafungui kiganja kama sisi tuliofundishwa shuleni. Anakunja ngumi. Tano ya Susu ni ngumi iliyofungwa, na anaiinua juu ili hata mtu wa mbali aione.

Jumamosi moja Kioko alikuwa ametoka kwenda kunywa maji tangini. Kompyuta ilikuwa mezani, kamera imewaka. Mimi nilikuwa nimeshusha mikono chini ya meza, nafanya lile zoezi la kuvuta kidole kimoja kimoja. Susu aliketi karibu, anahesabu kwa Kikamba, kidole, kidole, kidole, kidole, kisha akainua ngumi.

"Itaano!"

Slaidi ikaenda mbele.

"Ii," Susu akasema, amefurahi. "Imenisalimia?"

"Susu, hebu rudia."

"Nirudie nini?"

"Tano. Rudia tano."

Akainua ngumi yake, kavu, imefungwa kabisa, kidole gumba juu. Kisanduku cha kijani kikaizunguka vizuri. Slaidi ikaenda mbele.

Kioko akarudi anapangusa mdomo. "Kioko," nikasema. "Mkono wa Susu umefunguka au umefungwa?"

"Umefungwa."

"Mbona inasema uko wazi?"

Kioko alivuta kiti. Aliketi. Akaanza kuchukua ndengu kwenye ungo wa Susu na kuzirudisha.

"Niliifundisha mkono wako," akasema.

"Mkono wangu upi?"

"Huu wa sasa. Zile picha za Jumamosi ya kwanza. Nikaziweka kwenye folda ya 'wazi'. Halafu kila wiki nikaongeza zingine."

"Lakini haukuwa wazi."

"Ulikuwa unajaribu, Ndinda. Ulisukuma mpaka mishipa ikakutoka shingoni. Mimi ningeandika aje kwamba hakuna mkono na mkono niliuona?"

"Uliniambia nimepona!"

"Mimi sikusema. Ni wewe ulisema. Mimi nilinyamaza."

"Si ni kitu kimoja!"

"Uliacha kulia," akasema, kwa sauti ndogo sana. "Nikaona si vibaya."

Susu alikuwa anatutazama kwa zamu. "Mnagombania nini nyinyi?"

"Mashini imenidanganya, Susu."

"Mashini ina mdomo?" Susu akauliza. Hakuniangalia mimi. Alimwangalia Kioko.

Kioko akafunga kompyuta akaondoka. Sikumuaga. Nilitoka nje nikishika ukuta, kisha nikaacha ukuta nikaenda mpaka shambani bila kushika kitu, kwa hasira, na nikamwambia Mwaitu yote huku mvua ndogo ikininyeshea. Nilingoja anigombeze. Aliketi kwenye tuta na jembe mapajani.

"Jumanne tatu," akasema. Halafu akasema, "Mimi ndiye niliyeamini haraka. Nilitaka kupanda."

Daktari wetu wa mazoezi anaitwa Hodan. Ni mtu wa Garissa, anavaa hijabu ya rangi ya maji ya bahari na viatu vya michezo. Jumanne iliyofuata alituona mlangoni akaweka mikono kiunoni.

"Haya, watu wa Matinyani. Mlikuwa mmehama?"

"Tulidhani amepona, daktari," Mwaitu akasema.

"Nani aliwaambia?"

Mwaitu akanitazama. Nikasema, "Kompyuta."

"Wallahi!" Hodan akacheka mpaka mgonjwa wa pili akageuka. "Mimi nimeona walioambiwa na jirani. Nimeona walioambiwa na mganga, na walioambiwa na pasta. Wa kompyuta ndio wa kwanza."

Kisha akanishika vidole, na kicheko kikaisha. Alivuta kimoja kimoja, polepole. Cha pete na cha mwisho vya mkono wa kulia vilifika mahali vikagoma, na nikauma meno.

"Vimeanza kukaza," akasema.

"Vitarudi?"

"Sijui, dadangu. Nikikwambia najua, nitakuwa kama hiyo kompyuta yako."

Nilichukia jibu hilo wiki nzima. Wiki zile ndizo zilizokuwa mbaya kuliko za wodini, na sikutegemea. Wodini nilikuwa naogopa kufa, na hofu hiyo ni kubwa mpaka haina maelezo. Hii ya vidole ilikuwa ndogo, inanifuata kila mahali. Nikifunga vifungo vya sare, ipo. Nikishika kijiko, ipo. Kila asubuhi niliweka kiganja ukutani kuona kama kimelala, na kila asubuhi nilijishuku kwamba nasukuma kwa bega ili nijidanganye. Nilivaa ubao wa kunyoosha vidole, uliofungwa kwa bendeji. Mwaitu alinikandia unga usio na maji mengi, niuminye kisha niufungue, na tukimaliza, chapati zake zinakuwa ngumu kama sahani. Baba aliambiwa kwa simu. Akasema, "Haya. Anzeni tena."

Kioko alikosa kuja Jumamosi mbili. Ya tatu alikuja, amesimama nje ya mlango na begi.

"Ingia, ama unangoja kupigiwa magoti?" Susu akamwambia.

Aliwasha kompyuta bila utani. "Hii programu ya kwanza nimeirudisha ilivyokuwa. Picha zote za uongo nimetoa. Haitakuona, nakuambia mapema. Hii ya pili ni ya mkono wako wa sasa, inaendesha slaidi, lakini inaandika hapo juu."

Nilitazama. Hapo juu kulikuwa na neno moja: IMESAIDIWA.

Nikajaribu ya kwanza. HAKUNA MKONO. Iliniuma, lakini yalikuwa maumivu yenye sakafu, unajua unasimama wapi. Nikajaribu ya pili. Kisanduku kikatokea, slaidi ikaenda, na lile neno likabaki pale juu.

"Nisamehe," Kioko akasema, akitazama kibodi.

"Kunywa chai kwanza," nikasema. Hilo tu ndilo nililoweza. Alikunywa vikombe viwili.

Halafu tukaambiwa tarehe ya maonyesho. Ilikuwa Jumanne.

Mwalimu wetu wa kompyuta alikuja mwenyewe nyumbani. Ni mtu mzuri, alitaka niende. "Ni Jumanne moja tu, Ndinda. Umefanya kazi mwaka mzima. Utakaa tu mbele, uinue mkono, programu ya pili inakuona. Majaji watapenda hadithi yako."

Mwaitu alisema nichague mwenyewe. Nilitaka kwenda, nisikudanganye. Nilikuwa tayari nimefikiria nitavaa nini. Lakini hata zile Jumanne nyingine zilikuwa moja tu, kila moja ilipokuja. Nikamwambia mwalimu, nikitazama viatu vyake, kwamba nitaenda kliniki. Aliniuliza nirudie kwa sababu hakusikia. Nikarudia.

Kwa hivyo siku ile, baridi ya mwezi wa sita, Kioko alikuwa Wote na mimi nilikuwa kwenye benchi Kitui, foleni ndefu, mtoto wa mtu akinilalia begani. Simu ya Mwaitu ikalia. Alikuwa Kioko.

"Tumekuwa wa nne," akasema. "Wanaoenda mbele ni watatu."

"Pole."

"Jaji mmoja aliuliza hiyo 'imesaidiwa' ni nini. Nikamweleza. Yote, hata ule ujinga wangu. Akauliza mkono uliofundisha programu uko wapi."

"Ukasema?"

"Nikasema uko kliniki."

"Umeumia moyoni?"

"Kidogo. Nimekula chipsi."

Hodan akaita jina langu. Tuliingia na Mwaitu. Hodan alitandika karatasi mezani, akaniambia nilaze mkono wa kulia juu yake, kiganja kikitazama juu, nifungue vidole mpaka kucha ziguse meza, na atavihesabu vinavyofika. Nilianza. Cha gumba kikaenda. Cha shahada kikaenda polepole. Cha kati kikafika nusu kikatetemeka.

Hapo nikaona mkono wa Mwaitu ukija kutoka pembeni. Ulikuja taratibu, na vidole vyake viwili vikakaa juu ya vyangu vya mwisho, vikaanza kuvisukuma chini kidogo kidogo. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anamtazama Hodan, anatabasamu kama mtu asiyefanya kitu. Na Hodan alikuwa anatafuta kalamu mfukoni, hajaona.

Ningeweza kunyamaza. Ni kitu ninachokijua vizuri.

"Mwaitu," nikasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye benchi la nje. "Toa mkono wako."

Akautoa haraka, akauficha kwenye leso. Hodan aliinua macho, akatutazama wote wawili. Alingoja. Nikavuta pumzi nikafungua. Cha kati kikatetemeka, kikatetemeka, kikagusa. Vile viwili vya mwisho vikabaki juu, vimeinama, kama watu waliochelewa kanisani.

"Vitatu," Hodan akasema, akaandika.

Mwaitu aliinamia ile karatasi. "Vitatu ni vyake mwenyewe?" akauliza.

"Ni vyake mwenyewe."

"Basi Jumanne ijayo tutakuja mapema," Mwaitu akasema, "tusikute foleni hii."